Jaketi Lililonisema

Nimenusurika mengi huku Guangzhou, lakini kwa aibu hii namtaja Damasi wazi, ndiye aliyeniponza. Mteja wangu wa Arusha, anayepeleka wageni kuwinda, alinitumia faksi akitaka majaketi na mabegi ya kunyatia kulungu. Nikikosea, simpati tena. Damasi, mkalimani wangu, akanishauri, "Kaka, sema wewe ni mwindaji, watakupa mali safi." Nikasema, mimi niliyewahi kukimbizwa na mbuzi.

Pale soko la Guangyuan nikachagua kama tunavyochagua nguo zote: unafikicha kitambaa sikioni, kikilia kwaru kwaru, ni kipya. Mama mwenye duka akanishangaa, akamwita baba yake, mwindaji wa tangu ujana. Mzee akavaa koti la sufu lililochakaa, akabeba begi lenye kamba, kisu na darubini, akaniambia nifumbe macho. Sikusikia kitu. Ghafla kidole kikanigusa shingoni. Mungu wangu! Mtu mzima na mzigo wake amepita kama moshi!

Ikawa zamu yangu kumnyatia, nimevaa jaketi nililochagua. Hatua moja tu, kwaru! Wapagazi wa soko waliokuwa wakitazama wakaangua kicheko. Mzee, bila kugeuka, akasema neno. Damasi akatafsiri, machozi ya kicheko yakimtoka:

"Anauliza, mwindaji, kulungu wa kwenu ni viziwi?"