Kichwa Nilichoinamisha Sekei

Harufu ya mafuta ya cherehani hadi leo hunirudisha kwenye vuli moja. Vuli ile chumba chetu cha Kijenge, mjini Arusha, kilinuka mafuta hayo na kitambaa kipya, na nje mvua ilipiga mabati tangu asubuhi hadi Mlima Meru ukapotea kabisa machoni. Nilikuwa na miaka sita. Mama, fundi wa nguo za kike, alikuwa amenichukua kwa bibi, ambaye sisi Waarusha tunamwita koko, huko magharibi mwa mlima nilikokulia nikichunga ndama na kuongea Kiarusha kutwa. Alinileta mjini kwa jambo moja tu: Januari nianze darasa la kwanza katika shule ya Kiingereza kule Sekei, na shule hiyo haikumpokea mtoto bila usaili.

Samaki mkunje angali mbichi, na mama alinikunja kwelikweli. Alinikalisha kando ya cherehani, miguu yake ikikanyaga, mdomo wake ukiuliza. Aliokota vipande vya nguo sakafuni nami nikataja rangi zake, kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza. Nikikosea, cherehani ilisimama, na ukimya ule niliuogopa kuliko kofi. Neno la Kiarusha likiniponyoka alisema, "Hilo liache kwa koko." Yeye mwenyewe alitolewa shule akiwa darasa la nne ili alee wadogo zake, na hasira ya jambo hilo haikuwahi kumwisha. Hata kabla ya usaili alishanishonea sare, sketi ya buluu yenye marinda, akaitundika ukutani juu ya kitanda. Majirani walimtania kwamba anakata mbeleko na mtoto hajazaliwa. Hakucheka. Mimi nililala chini ya sketi ile nikimwomba Mungu niugue siku ya usaili.

Sikuugua. Tulikwenda kwa miguu kwenye manyunyu, mama amenibana mkono mpaka vidole vikafa ganzi, akiniuliza maswali yaleyale njia nzima. Mwalimu mkuu alikuwa mama mtu mzima mwenye mvi, asiye mwenyeji wa Arusha kwa lafudhi yake. Nilipoziona zile mvi, masomo yote ya kando ya cherehani yalikaa pembeni, nikafanya kama nilivyolelewa na koko. Nilizunguka meza, nikasimama mbele yake, nikainamisha kichwa. Kwetu mtoto hamwanzi mkubwa kwa maneno. Humpa kichwa, mkubwa akaweka mkono juu yake na kumsalimu, ndipo mtoto afungue kinywa. Nikangoja, na mkono haukuja. "Unaitwa nani?" akauliza. Nikazidi kuinama, nikidhani hajaniona vizuri. Akarudia kwa Kiingereza. Jibu nilikuwa nalo lote, linanichoma ulimi, lakini kulitoa kabla ya kuguswa kungekuwa utovu wa adabu. Nilichokiona ni viatu vyake tu, na pindo la gauni la mama likidondosha maji sakafuni.

"Mama, huyu mtoto huwa anaongea?"

Mama alijua. Alizaliwa katika boma lilelile, na kichwa chake kiliguswa na mikono ileile. Sentensi moja ya kueleza desturi yetu ingetosha.

"Ni mzito kidogo wa kuelewa, mwalimu," akasema. "Naomba utusamehe."

Tuliambiwa turudi kwenye usaili wa mwaka unaofuata. Mama hakunichapa, lakini jioni ileile aliifumua sare, mshono baada ya mshono. Januari nilianza shule ya serikali ya jirani, ambako niliongea mpaka mwalimu akaniita redio. Lakini kwa miaka mingi niliamini kwamba mimi ni mzito kweli, kwa kuwa aliyesema ni mama yangu mzazi. Nilimkasirikia hata nilipokuwa mtu mzima mwenye kazi yangu, na kila nilipotaka kumuuliza, nilishindwa.

Siku hizi mabasi ya njano ya shule yanapita mtaani kwetu kila alfajiri, na usaili wa watoto wadogo umekuwa jambo la kawaida kama chanjo. Binti yangu ana miaka mitano. Nimemnunulia vitabu vya picha, simu inamwimbia herufi, na akikosea najikuta nikimkaripia kwa ukali nisioupenda. Ndipo nilipoanza kuelewa woga aliokuwa nao mama mbele ya meza ile. Anayemwombea mwanawe nafasi shuleni huogopa hata kukohoa. Jumapili iliyopita mama alikuja, tukakaa jikoni tukichambua mchicha, nikamwambia usaili ni Jumatano. Aliondoa jani bovu kwenye ungo.

"Umemfundisha kujibu?"

"Nimemfundisha, mama."

Akaweka ungo chini, akanitazama usoni.

"Basi na wewe ukiulizwa, mwanangu, jibu. Mimi kule Sekei sikusema ukweli."