Mkwe Hawezi Kuwa Mkalimani

Anayewajibika ni bodi ya hospitali, na ndani ya bodi anayewajibika zaidi ni mganga mfawidhi aliyetia saini tangazo lililobandikwa kwenye dirisha la mapokezi: mgonjwa asiyejua Kiswahili aje na ndugu wa kumtafsiria. Nalisema hili mwanzoni ili msomaji asidhani kwamba nawalaumu wauguzi, ambao wamezidiwa na kazi, au madaktari vijana wanaoletwa Mwanza kutoka kila upande wa nchi bila kuulizwa wanajua lugha gani. Hospitali siitaji jina. Wanaohusika wanajijua, na wajumbe wa bodi nilikaa nao kikaoni.

Nilikuwa ofisa utumishi serikalini mpaka nilipostaafu, na sasa naishi Mkuyuni. Katika miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kusema Kisukuma ofisini, hata na mtu wa kijiji changu. Akinijia mezani na salamu ya kwetu, "Mwangaluka," nilimjibu, "Karibu, mzee, nikusaidie nini?" Ndivyo tulivyofundishwa, na bado naamini kwamba tulifundishwa vyema. Meza ya umma ni ya watu wote, na aliye kwenye foleni hapaswi kujiuliza wale wawili wanasemezana nini. Naliweka hili wazi kwa sababu baadaye niliitwa mkabila.

Dada yangu mkubwa ni mkulima upande wa Bujora. Kiswahili anakisikia redioni na kukielewa kidogo, kukisema hawezi. Alipoanza kudhoofika alikuja kwangu, akasema tu kwamba anachoka. Nikampeleka hospitali. Mume wa binti yake, fundi seremala wa Mirongo, alitukodia bajaji, na yeye mwenyewe akatufuata kwa pikipiki. Tulipofika hakuingia ndani. Alikaa nje ya geti.

Kwa asiyetufahamu, nieleze. Katika ukoo wetu mwanamume na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja wala hawatazamani usoni. Hakuna ugomvi hapo. Ni heshima, na yule fundi anamheshimu mama mkwe wake kuliko wengi ninaowajua. Na kama unajiuliza binti alikuwa wapi, alikuwa nyumbani kwake, na hata angekuwepo isingesaidia, kwani mama hamwelezi binti yake siri za mwili wake. Mambo hayo mwanamke huyazungumza na wanawake wa rika lake.

Nilikwenda dirisha la bima. Niliporudi nilimkuta yule fundi kwenye korido, jasho linamtiririka.

"Mjomba, wameniingiza chumbani na mama."

"Nani kakuingiza?"

"Nesi. Alitoka nje akauliza nani amekuja na bibi huyu anayejua Kiswahili. Watu wakaninyooshea kidole."

"Ukafanya nini?"

"Nikasimama nikautazama mlango. Daktari akaniuliza, 'Wewe bwana, mbona unampa mgonjwa mgongo? Mmegombana?' Nikamwambia hatujagombana. Akasema, 'Basi muulize kama anatokwa na damu.'"

"Ukamuuliza?"

"Ningemuulizaje, mjomba? Nilimuuliza kama kichwa kinamuuma."

"Naye?"

"Akasema kinamuuma."

Dada yangu alirudi nyumbani na vidonge vya kichwa ambacho hakikuwa kikimuuma; alikubali tu ili mkwewe atoke. Daktari aliuliza swali sahihi, na akaandika jibu la swali jingine. Hakujua, wala hapakuwa na mtu aliyepewa kazi ya kuhakikisha kwamba anajua.

Hali yake ilizidi kuwa mbaya. Jirani yangu, mama wa rika la dada yangu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi na Msukuma mwenzetu, alikuja kumjulia hali. Alimtazama kidogo, kisha akanigeukia.

"Katibu, hebu tupishe." Ananiita hivyo ingawa sikuwahi kuwa katibu wa chochote.

"Hapa ni kwangu, mwalimu."

"Najua. Na ua wa nyuma pia ni wako. Nenda kaukague."

Nikaenda kuukagua. Alipotoka hakuwa na utani tena. "Anatokwa na damu," alisema. "Tangu kabla ya mavuno. Kesho naingia naye mimi."

Kesho yake aliingia naye, na siku hiyohiyo dada yangu akapimwa inavyostahili. Ulikuwa ugonjwa wa mlango wa kizazi. Majibu yalipotoka tuliambiwa kwamba bado unatibika, ila matibabu yatakuwa marefu na hayapaswi kukatizwa hata mara moja. Yule daktari kijana alimuuliza jirani yangu kwa nini mgonjwa hakusema mara ya kwanza.

"Daktari, wewe unaweza kusimama mbele ya mama mkwe wako ukamweleza habari za nguo zako za ndani?"

Daktari alicheka. Kisha akaacha kucheka.

Hapo ndipo nilipoianza kazi ambayo watu wengine huiita harakati. Mimi naiita utumishi. Nilimwandikia mganga mfawidhi wa wakati ule, nikaomba nafasi mbele ya bodi, nikaipata. Hoja yangu ilikuwa moja: hospitali iwe na wakalimani wake yenyewe, wake kwa waume, wa Kisukuma, Kikerewe, Kijita na Kijaluo, na kusiwe na mkalimani anayemtafsiria ndugu yake.

Mjumbe mmoja, mfanyabiashara, aliinua mkono. "Mzee wetu anataka kuturudisha kwenye ukabila. Kiswahili ndicho kilichotufanya tuwe taifa moja."

"Mheshimiwa," nilimjibu, "sijaomba daktari aandike cheti kwa Kisukuma. Naomba ajue anatibu nini. Dada yangu ni raia kama wewe, na amelima pamba ya taifa hili tangu hujazaliwa."

"Lakini kila mgonjwa ana ndugu," alisema mwingine. "Ndugu wana kazi gani?"

"Ndugu ndio watu wa mwisho ambao mgonjwa anaweza kuwaambia."

Bodi ilikubali. Kumbukumbu ziwe sawa: haikushauri, haikuahidi kufikiria; iliamua, na uamuzi ukaingia katika muhtasari wa kikao.

Mafunzo ya wakalimani tuliyafanyia katika chumba cha nyuma ya stoo, mimi nikisimamia taratibu na jirani yangu akifundisha. Masharti hayakuwa mengi. Mkalimani aketi ubavuni mwa mgonjwa, wala asijifanye daktari wa pili. Aseme yote yaliyosemwa, hata kama ni tusi, na asitie la kwake. Sharti hili la mwisho ndilo lililotusumbua. Tulikuwa na mzee mmoja Mkerewe, aliyekuwa karani wa meli, mwenye sauti nzito na Kiswahili safi kabisa. Katika mazoezi, aliyeigiza mgonjwa alisema kwamba aliacha dawa kwa sababu zilimtia kichefuchefu. Mzee akatafsiri vizuri, kisha akaongeza, "Na nimeshamgombeza."

"Nani kakutuma umgombeze?" jirani yangu alimuuliza.

"Kwani huyu si mzembe?"

"Mzembe ni wewe. Rudia."

Alirudia mpaka akaweza, na akawa miongoni mwa wakalimani wetu bora. Wavuvi waliotoka visiwani walikuwa wakimuulizia getini.

Wakalimani walipewa benchi lao karibu na mapokezi. Niliona wazee wakiingia vyumbani na kukaa humo muda mrefu kuliko zamani, kwa sababu sasa walikuwa na la kusema. Dada yangu alikuwa akiingia na jirani yangu kila alipopangiwa siku. Dawa moja ilimletea ganzi miguuni. Alisema, daktari akaibadilisha. Alianza kumsalimu yule daktari kwa Kisukuma, naye akajifunza kuitikia, vibaya sana, na dada yangu akirudi nyumbani alituigiza mpaka tukashika mbavu. Alikuwa anapona. Nasema hivyo kwa maneno ya daktari, wala si kwa matumaini yangu.

Kisha mganga mfawidhi akahamishwa, akaja mwingine. Huyu hakuitisha kikao. Benchi liliondolewa, wakalimani wakaambiwa wasiingie tena vyumbani, na lile tangazo la mapokezi likabandikwa. Nilikwenda kumwona ofisini, nikiwa nimevaa suti.

"Mheshimiwa, jambo hili liliamuliwa na bodi."

"Bodi ilishauri tu, mzee."

"Muhtasari unasema iliamua."

"Basi yalikuwa majaribio, na majaribio yamekwisha." Alisimama kunipa mkono. "Pumzika, mzee wangu. Umeshalitumikia taifa."

Niliwafuata wajumbe wa bodi mmoja mmoja. Yule mfanyabiashara aliniambia kwa simu kwamba yuko safarini, nami nilikuwa nimesimama mlangoni pa duka lake, namwona ndani. Wengine walisema watalitazama. Hakuna aliyelitazama.

Siku ya dada yangu ilipofika tulikwenda watatu. Muuguzi wa mapokezi alimtambua jirani yangu na akaona aibu.

"Shikamoo, mwalimu. Wewe siwezi kukuruhusu. Agizo linawataja ninyi wakalimani. Wanataka ndugu." Akanitazama. "Baba, si wewe ni kaka yake? Ingia naye wewe basi."

Dada yangu alielewa bila kutafsiriwa. Alinitazama mara moja, akajifunga kitenge vizuri, akatoka. Hakuonwa na daktari siku ile. Siku iliyofuata ya kliniki hakutaka hata kuondoka Bujora, alikokuwa amerudi. "Sitavuliwa nguo mbele ya kaka yangu," alimwambia jirani yangu, "hata kama ni kwa maneno tu." Matibabu yasiyopaswa kukatizwa yamekatizwa, naye amelala nyumbani kwake ninapoandika haya.

Kwa hiyo, kama raia na kama mtumishi wa umma mstaafu, nadai yafuatayo kutoka kwa bodi ya hospitali ile. Iitishe kikao cha wazi, wananchi wakiwepo, na mganga mfawidhi aeleze kwa kinywa chake ni kwa mamlaka gani alifuta uamuzi wa bodi bila kikao. Kila mjumbe aliyekuwepo siku ya uamuzi aseme mbele ya watu kama aliridhia ufutwe, na kama hakuridhia, kwa nini alinyamaza. Tangazo lile libanduliwe. Wakalimani warejeshwe, na wagonjwa waliofukuzwa na tangazo hilo wafuatwe makwao, akianza dada yangu, kabla ugonjwa haujavuka mahali ambapo daktari anaweza kuufikia. Majibu yatolewe kwa maandishi, yakiwa na jina na saini ya anayejibu, na yasomwe kwa sauti pale mapokezi katika lugha za wale wanaosubiri.