Ndevu za Okidi

Shemeji yangu anaitwa Mstari, na jina hilo hakupewa kwa mapenzi. Ni kinyozi. Akikushika kichwa hakuachii mpaka mstari wa mbele umenyooka kama umepigwa rula, na kama hukuumbwa na nywele za kunyooka hapo mbele, basi shauri yako, atautafuta hukohuko juu. Nina binamu aliyeingia kwake na nywele akatoka na utosi. Kibandani mwake vitana vimepangwa kwa urefu, chupa za spiriti zimetazama upande mmoja, taulo zimekunjwa pembe kwa pembe. Mtu wa namna hiyo akiona uzi unaning'inia kwenye shati la mwenzake hasikii tena anachoambiwa.

Mama naye ana okidi yake. Si ua la kununua likiwa kwenye chungu. Ni okidi ya Afrika hii hii, ile inayokaa juu ya miti, mashina yake marefu kama miwa michanga, maua ya manjano yenye madoadoa ya kahawia. Kwa ajili ya madoadoa hayo mama anaiita Chui. Ameifunga kwenye gogo lililoegemezwa ukutani nyuma ya jiko, penye jua la asubuhi, bila hata punje ya udongo. Shinani imeota mizizi ya ajabu, myeupe, iliyochongoka, imesimama wima kuelekea juu badala ya kushuka chini kama mizizi yenye adabu zake. Majani makavu yakianguka hunasa humo, yanaoza taratibu, na Chui anapata chakula. Mizizi hiyo mama anaiita ndevu. Macho yake yalipoanza kuingia ukungu, alikuwa akiipapasa kwa kiganja, ikimchoma anaridhika.

Alipokwenda kupasuliwa jicho nilimsindikiza mimi, nyumba ikabaki kwa dada na mumewe Mstari. Mama na mkwe wake wanaheshimiana mno hata hawazungumzi mengi, kwa hiyo maagizo yalipitia kwa dada: Chui asitiwe udongo, asiloweshwe kila siku, maji yasituame kwenye chipukizi, na ndevu zake ziangaliwe. Dada akayafikisha neno kwa neno. Sasa mwambie kinyozi aangalie ndevu uone.

Alikwenda na mkasi, kitana na mashine ya betri. Akakung'uta majani yote makavu, akazikata ndevu za Chui mpaka zikawa sawasawa pande zote, kisha akapangusa kwa spiriti, maana hamwachi mteja bila spiriti. Alipomaliza akapiga picha, akanitumia. Ilinikuta nimekaa kwenye benchi la hospitali, na nakiri nilicheka kwanza. Gogo lilikuwa limenyolewa likang'aa. Halafu nikampigia simu nikamweleza kuwa ile ni mizizi, ndiyo inayokunywa maji na ndiyo inayokamata chakula. Kisha akaniomba nisimwambie mama, asije akapandwa na presha kabla hajatolewa bandeji. Nikakubali. Tulijifanya tunamhurumia mgonjwa, kumbe tulikuwa tunamhurumia Mstari.

Hapo hakuwa na kosa. Neno lilimpiga chenga tu, na angelisema lilivyo mama angecheka mpaka ashike mbavu. Lakini shemeji yangu ni mtu anayesifiwa kwa mikono yake, na kuambiwa mikono hiyo imeharibu kitu kulimshinda. Kila asubuhi kabla ya kufungua kibanda alipita nyuma ya jiko. Chipukizi lilianza kuwa jeusi kwa chini.

Mama alirudi na plasta kwenye jicho moja. Kabla hajakaa akaenda kwa Chui, sote nyuma yake. Akaweka kiganja shinani, akakipitisha polepole, akarudia. Hakuuliza kitu. Ni shemeji aliyeropoka.

"Ni kuku, mama. Yule mwekundu. Kila nikimfukuza anarudi."

Ulimi ukishateleza hivyo haurudi peke yake. Akaendelea kutia chumvi: namna kuku alivyoruka juu ya gogo, alivyochakura, alivyomtolea macho. Dada, ambaye hakujua lolote, akadakia kwamba mumewe amelihangaikia ua hilo kuliko kibanda chake. Mimi nikatazama kandambili zangu. Mama akamwangalia mkwewe kwa jicho lile moja, akasema tu kuwa yule kuku amemlea mwenyewe tangu kifaranga, akaingia ndani.

Jumapili akatuita. Alikuwa bado anakatazwa kuinama, kwa hiyo akampa shemeji kisu amsaidie kumchinja yule mwekundu, maana kuku mharibifu hafugiki. Shemeji alikipokea. Nilimwona akisimama uani na kuku kwapani, kuku ametulia kabisa kwa kuzoea kushikwa, na nikafikiri sasa atasema. Akaenda nyuma ya banda la kuku.

Mezani mama akampakulia mwenyewe, paja zima na mchuzi juu. Dada akamsifu tena mumewe. Shemeji alikuwa amejiinamia, jasho linamtoka, lakini alikula, kwa sababu mkwe akikupakulia kwa mkono wake utaanzaje kukataa? Mimi nyama yangu sikuigusa. Mama akamwuliza kama amwongezee. Akasema asante. Akaongezewa, akala na hicho kipande, na aliponyanyua uso macho yalikuwa yamelowa.

"Mama," akasema, "si kuku. Ni mimi niliyezikata. Nilisikia ndevu, nikazinyoa."

Dada aliacha kutafuna. Mama akapangusa vidole vyake kwa kitambaa, kimoja kimoja.

"Najua, baba. Nilijua nilipoweka mkono. Kuku hanyoi kwa mstari."

Siku nyingine sote tungeangua kicheko. Hakuna aliyecheka.

"Ndevu zitaota tena," mama akaendelea, sauti ya chini, bila hasira hata kidogo. "Kwa ndevu nisingekusemesha hata neno. Kuku wangu alikuwa bado anataga. Nilikungoja useme kabla hujampeleka nyuma ya banda. Nikakungoja mezani. Nikasema labda paja hili litamshinda."

Shemeji akatazama sahani yake. Ilikuwa na mifupa, imepangwa ukingoni, mirefu kwanza, mifupi mwisho. Nadhani hata yeye hakujua kuwa ameipanga. Alipoiona alifunika uso kwa viganja vyote viwili, mtu mzima na mke wake pembeni, mabega yakawa yanatikisika. Dada alinyoosha mkono amshike, akaurudisha.

Nikainuka nitoe vyombo, nipate pa kukimbilia. Mama akanishika kiwiko, akanikalisha, akaisogeza mbele yangu sahani yangu iliyokuwa haijaguswa.

"Na wewe uliyekuwa unajua," akasema, "maliza chako."

Nikala. Nyama ilikuwa laini, imeiva vizuri, na sikuwahi kuona aibu kama ile ya kuisikia tamu.