Wa Kwanza Kutoa Mkono

Harufu ya mawese yakichemka hunirudisha Ujiji, kwenye jiko la mama, mwaka ule ambao meli aliyofanyia kazi baba ilisimamishwa naye akarudi nyumbani na begi la nguo na redio. Mama hakulia, alianza kubana matumizi. Mafuta ya kukaangia dagaa aliyachuja kwa kitambaa na kuyarudisha chupani hadi yakawa meusi. Vipande vya sabuni vilivyobaki tulivifinyanga pamoja vikawa kipande kimoja chenye rangi tatu. Moto tuliomba kwa jirani, kaa moja kwenye kigae, ili kiberiti kisiishe. Mimi nilikuwa darasa la saba, na kaka yangu Shabani pia, maana alikuwa amerudia darasa mara mbili.

Lakini ubingwa wangu ulikuwa kwenye sinia. Mama, Shabani, mimi na wadogo zetu wawili tulizunguka ugali mmoja wa muhogo. Mama alinifundisha kumega tonge dogo, kulichovya taratibu, kulitafuna mpaka liishe ladha, kisha kutoa mkono kabla ya wenzangu na kusema alhamdulillahi kwa sauti ya mtu aliyeshiba. “Wewe ndiye unayenisaidia, Zena,” aliniambia tukiosha vyombo. “Tunachookoa hapa kinaingia kwenye sanduku lako.” Sanduku lilikuwepo kweli, la bati, la buluu, lililonunuliwa baba angali na mshahara, jina langu limeandikwa juu kwa rangi nyeupe. Kila Ijumaa mama alilivuta kutoka uvunguni na kunionyesha kilichoongezeka: mche wa sabuni, madaftari mawili, sukari ya kwenda nayo bweni. Niliiona njaa yangu ikigeuka vitu, nikajivuna sana.

Majibu ya mtihani yalipotoka, mimi na Shabani wote tulikuwa tumechaguliwa kwenda sekondari, na mama akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Wiki moja kabla ya shule kufunguliwa nilirudi kutoka ziwani na ndoo ya maji nikamkuta mama amechuchumaa uani, anakwangua jina langu kwenye sanduku kwa kisu cha jikoni. Baba alikuwa kwenye mkeka, pembeni yake. “Uwezo wetu ni wa mmoja,” akasema. “Shabani akibaki nyumbani ataharibika. Wewe unaweza kuvumilia, mama yako mwenyewe kaniambia. Utakwenda mwakani, mwanangu.” Nikamtazama mama. Hakuinua kichwa. “Baba yako keshasema,” akajibu, akaendelea kukwangua. Herufi ya kwanza ilikataa kutoka, ikaenda hivyo hivyo shuleni Kasulu pamoja na Shabani, na sabuni yangu, na sukari yangu. Mwakani hakukuja.

Baba nilimsamehe zamani, kwa sababu yeye hakuwahi kuniahidi kitu. Mama ndiye aliyeniuma. Alinifundisha kuishinda njaa, akanisifu kwa kuishinda, halafu akaipeleka kwa baba iwe ushahidi kwamba mimi naweza kukosa. Hadi leo nikiliwaza hilo nakasirika upya, na sioni haya kulisema.

Sasa nina duka la vitenge Katubuka, na unga nanunua kwa gunia. Mama anaishi kwangu. Namtunza vizuri, dawa zake hazikosekani, ingawa bado anachuja mafuta yaliyotumika na kuyaficha nyuma ya mitungi. Juzi mchana tulikaa sote kwenye sinia la wali na migebuka ya kukaanga, samaki wa ziwani kwetu, chakula cha kutosha watu kumi. Binti yangu Mwajuma, mwenye miaka tisa, akala matonge machache, akatoa mkono, akasema alhamdulillahi. Mama akatabasamu. “Huyu kakufuata wewe,” akaniambia. “Mvumilivu.”

Nikamshika mtoto mkono, nikaurudisha kwenye sinia. “Kula,” nikamwambia, “mpaka ushibe kweli. Humu ndani hakuna mtu wa kuvumilia kwa niaba ya wengine.” Mama akainamisha kichwa, kama siku ile uani, akaanza kuchambua miiba ya samaki isiyokuwepo. Nami nikaendelea kula, nikamwacha ainame.