Dada alinituma springi za pickup hapa Guangzhou, nikaishia kuulizwa tenki la maji limekaa wapi

Wakuu, habari za huko mliko. Wale wa night shift na wale mnaosoma mkiwa kwenye foleni, nawasalimu wote.

Haya yamenikuta mwenyewe na wahusika wote wapo hai. Sipunguzi wala siongezi. Mafundi mtanisahihisha kwenye comments, maana mimi gari najua kuliendesha tu.

Nipo Guangzhou mwaka wa kadhaa sasa. Kazi yangu ni kuwatafutia watu mizigo. Leo nipo Yide Lu nanunua madaftari na midoli, kesho nipo Liuhua kwenye viatu, mwisho wa siku container linaenda bandarini Huangpu na agent anamalizia. Vitu vya gari sikuwahi kugusa.

Sasa nina dada yangu mkubwa, Mwanaidi. Ni daktari wa mifugo, kaolewa Arusha. Kazi yake ni kuzunguka maboma ya wafugaji huko Longido na Simanjiro, anachanja ng'ombe na mbuzi. Anatumia pickup double cabin iliyobeba tenki la maji, na nyuma anavuta tela lenye jenereta, mahema na vifaa. Akitoka ametoka, anaweza kukaa porini wiki nzima.

Siku hiyo akanipigia video call. Hata shikamoo yangu hakuipokea vizuri.

"Mdogo wangu, juzi tulitaka kufa."

Alikuwa na shemeji kwenye gari. Wanateremka mlima, tela likaanza kuyumba. Kushoto, kulia, kushoto, kila mara linazidi. Likawa linaivuta pickup kama mbwa anayetikisa mkia halafu mkia unamtikisa yeye. Wakavuka mpaka upande wa pili wa barabara. Bahati hakukuwa na gari linalopanda.

Shemeji aliposhuka akasema kwa utulivu kabisa kwamba tela halitavutwa tena na gari lile. Na shemeji akisema kwa utulivu ujue kamaliza.

Shida ni kwamba kampeni ya chanjo ilikuwa inakaribia, na watu walishaambiwa wakusanye mifugo.

Akanionesha gari. Wakuu, pickup ilikuwa imechuchumaa nyuma. Pua iko juu, taa zinamulika matawi ya miti. Akasema hata usukani unakuwa mwepesi, kama tairi za mbele hazigusi chini sawasawa.

"Nitafutie zile air bag za springi," akasema. Kwa wasiozijua, ni mipira inayojazwa upepo, inakaa kati ya chassis, yaani fremu ya gari, na axle, mhimili wa magurudumu. Ukijaza, nyuma inanyanyuka. "Nzito kuliko zote. Nataka gari lisimame."

Nikaona kazi ndogo hii. Nikaenda Yongfu kwenye maduka ya spare, nikampata laoban, yaani mwenye duka, anazo, nikapiga picha. Ningelipia palepale, ila nikamtumia kwanza picha Wanjiru.

Wanjiru ni Mkenya, anasoma master's ya mechanical engineering hapa. Kichina chake kimenyooka, changu ni cha kubishania bei tu. Akanijibu: "Wacha kwanza. Kuna msee lazima umuone, ako Baiyun. Huyo ndiye anatengeneza pickup za watu wa kwenda Tibet."

Sikuwa hata najua kuna Wachina wanaotoka hapa na pickup mpaka Tibet na Xinjiang, kulala njiani, kupika njiani. Nikataka kuona.

Karakana ni ya bwana mmoja anaitwa Liang. Mtu mzima, mcheshi, anavuta tela lake mwenyewe na mke wake kila akipata likizo. Tulipofika nikamuonesha picha ya air bag.

"Bu xing," akasema. Haifai. Halafu akacheka, akanishika mkono, akanipeleka uani.

Kulikuwa na pickup nzuri, mpya mpya. Nikaizunguka sioni tatizo. Wanjiru akaniambia, "Angalia hiyo nafasi kati ya cabin na tray."

Nikaangalia pale cabin inapoachana na lile sanduku la nyuma la kupakia. Chini nafasi ilikuwa nyembamba, juu imepanuka. Kumbe chassis ilikuwa imepinda nyuma ya cabin. Gari limevunjika mgongo, wakuu! Mwenye gari alikuwa amefunga air bag mwenyewe, akajaza upepo mpaka mwisho, akapakia mzigo mzito nyuma kabisa, akaingia barabara ya mashimo.

Mimi nikauliza swali ambalo nadhani na nyie mnalo: sasa si mipira ndiyo inabeba mzigo? Chassis inapindaje?

Liang akachukua biskuti ndefu mezani. Akailaza juu ya kidole kimoja katikati, akabonyeza ncha. Ikakatika. Akachukua nyingine akailaza juu ya vidole viwili vilivyoachana, akabonyeza vilevile. Ikahimili. Halafu akaila.

Wanjiru akatafsiri. Springi ya kawaida ya pickup, vile vyuma bapa vilivyopangana, imeshikwa na chassis sehemu mbili, mbele na nyuma ya axle. Mzigo unagawanyika. Air bag inasukuma sehemu moja tu, juu ya axle. Kwa mzigo wa wastani na upepo wa kiasi haina neno, wapo wengi wanatumia miaka. Ila ukiigeuza kuwa ndiyo springi yenyewe, unautafuta msiba.

Gari la dada lingepindia wapi sasa? Katikati ya pori, mtandao hakuna.

Kisha Liang akauliza kitu kimoja tu: "Mzigo umekaa wapi?"

Nikasema kwenye gari na kwenye tela. Akatikisa kichwa. Wapi kwenye gari? Wapi kwenye tela?

Sikujua. Akachukua pickup yake na tela lake, akapakia madumu ya maji mbele ya tela, tukazunguka barabara ya nyuma ya karakana. Shwari. Tukarudi, akayahamishia yote nyuma ya tela. Tukatoka tena, mwendo uleule wa polepole, akatikisa usukani kidogo tu.

Tela likaanza kucheza. Niliusikia mgongoni, lile vuta nikuvute alilonisimulia dada. Nikashika mlango. Liang akaachia mafuta taratibu, hakukanyaga breki ya ghafla, likatulia.

Tukampigia dada palepale.

"Dada, tenki la maji limekaa wapi?"

"Nyuma, karibu na mlango wa tray. Ndiyo rahisi kuchota."

"Na jenereta?"

"Nyuma ya tela. Kelele zikae mbali na mimi. Kwani vipi? Mimi nimekutuma springi, wewe unaniuliza mambo ya kupakia?"

Liang akanielekeza nimwambie afungue tela kutoka kwenye gari, ajaribu kunyanyua pua ya tela, pale linapofungwa kwenye gari. Akagoma. Akasema lile tela ndilo linalokandamiza pickup, halinyanyuki. Shemeji, ambaye alikuwa anasikiliza pembeni, akainuka. Simu ikabaki inatazama dari.

Baadaye nikasikia sauti ya shemeji kwa mbali: "Mwanaidi, njoo uone. Nanyanyua kwa mkono mmoja."

Dada akajaribu naye. Ikanyanyuka.

Hapo ndipo nilipoelewa, wakuu. Sote tuliamini tela linakandamiza gari. Kumbe pua ya tela ilikuwa nyepesi mno kwa sababu jenereta iko nyuma, ndiyo maana likayumba. Na pickup ilichuchumaa kwa sababu ya tenki lake mwenyewe, lililoning'inia nyuma ya axle na kunyanyua pua ya gari. Matatizo mawili tofauti, sisi tukaona moja.

Dada ana mizani ya kupimia mbuzi. Wakaanza kazi. Jenereta ikasogea mbele mpaka juu ya axle ya tela, tenki likasukumwa mpaka mgongoni mwa cabin. Kila wakisogeza kitu, wanaweka pua ya tela kwenye mizani, Wanjiru anapiga hesabu huku ili pua isiwe nyepesi wala nzito kupita kiasi, wanasogeza tena. Shemeji anapima kwa futi kimo cha mbele na nyuma ya gari. Mbele ikashuka. Taa zikarudi barabarani.

Nyuma bado ilizama kidogo, na hiyo sasa ndiyo kazi ya springi. Liang akachagua springi nzito kiasi za kulingana na mzigo wake wa kila siku, pamoja na shock absorber zinazoendana nazo, zile za kuzuia gari lisidundedunde. Akasisitiza kwamba springi mpya hazikuongezei uwezo. Gari linabaki na kikomo chake cha kubeba na kuvuta, na breki zinabaki zilezile. Dada ikabidi aache hema moja na vyuma vya akiba ambavyo havijawahi kutumika.

Springi na shock zilikwenda kwa container, kwa hiyo kampeni ilianza kabla hazijafika. Shemeji alikubali kwa sharti moja: aendeshe yeye, na ule mlima washuke kwa gia ndogo.

Siku hiyo sikufanya kazi ya maana. Nilikuwa Yide Lu nabishana bei huku macho yapo kwenye simu. Jioni ya huko ikaja voice note fupi. Dada anahema kidogo, nyuma mbuzi wanalia.

"Tumeshuka. Tela limenyooka nyuma yetu kama halipo. Shemeji yako kaimba njia nzima, na hajui kuimba."

Nilikaa juu ya boksi la midoli, nikaisikiliza tena.

Springi zimeshafika na zimefungwa. Nilichojifunza: kabla ya kununua chuma cha kunyanyua gari, hamisha mzigo kwanza upime, ndiyo ujue unachokosa. Na duka linalokuuzia bila kukuuliza unabeba nini, toka.

Ila kuna jambo limebaki. Dada anasema akirudi tenki likiwa tupu, zile springi mpya zinamrusha kwenye barabara yenye mawimbi mawimbi mpaka meno yanagongana. Liang anasema ashushe upepo wa tairi kidogo. Wanjiru anasema shida ni shock. Shemeji anasema aache maji ndani.

Wenye pickup zinazotoka zimejaa na kurudi tupu, nyie mnafanyaje? Uwanja ni wenu.