Gari Lililopakiwa Pua Mbele

Ukimwambia Verna Sedlacek apumzike, atakuuliza aliyechoka ni wewe au yeye. Mama huyu wa Ord, Nebraska, ana miaka sitini na tisa, na thelathini na miwili kati ya hiyo ameimalizia barabarani, akivuta magari ya zamani juu ya trela nyuma ya pikapu na kuwafikishia watu wanaoyapenda kuliko wake zao. Alianza mwaka ule aliofiwa na mumewe, Leonard. Majirani walimletea vyakula, wakamwambia akae, atulie. Akakaa wiki mbili, akaona akizidi kukaa atamfuata Leonard, akaiwasha pikapu ya marehemu. Tangu mwaka wake wa tatu kazini hajafikisha gari la mtu likiwa na mchubuko. Huo wa pili tuuache kwanza.

Basi kiangazi hiki binti yake, Marcene, akamjia juu. Marcene ni mwalimu wa hesabu, na hapendi jambo libaki linaning'inia.

"Mama, inatosha sasa. Macho hayo, magoti hayo..."

"Sivuti magari kwa magoti, mwanangu."

"Unaona? Nikikuonya, wewe ni mzaha tu."

Walizozana wiki nzima mpaka wakapatana. Kulikuwa na gari la kupelekwa Casper, Wyoming, maili mia nne na ushei. Marcene angepanda naye. Akiona jambo moja tu la kumtisha, Verna angeuza pikapu na trela. Asipoliona, maneno ya kustaafu yangekoma. Verna alikubali chapuchapu, kana kwamba keshashinda. Ndivyo alivyo, na wakati mwingine anakera.

Gari lenyewe lilikuwa Corvair ya mwaka 1961, ya buluu, injini yake inaunguruma vizuri. Walilipakia asubuhi huku wakibishana kama Verna avae miwani. Akaliendesha juu ya trela pua mbele, akalifunga kwa mikanda minne na minyororo miwili. Maili ishirini na tano mbele akasimama, kama afanyavyo siku zote, akavuta kila mkanda na kugusa vitovu vya magurudumu kwa kiganja, asije akawa na gurudumu linalopata moto. Yote yalikuwa baridi. Marcene akaandika kwenye daftari.

"Unaandika nini?"

"Kwamba umesimama kukagua."

"Andika na kwamba nimependeza."

Walipopita mji wa Mullen, kwenye vilima vya mchanga, barabara ikateremka na upepo ukawapiga ubavuni. Trela ikatikisika kidogo. Ikatikisika tena, zaidi, kisha ikaanza kuirusha pikapu kushoto na kulia, na lori la ng'ombe lilikuwa linapanda kuja upande wao. Marcene akapiga ukelele.

"Nyamaza, nisikie," Verna akasema, kwa sauti ile ile ya kuombea chumvi mezani.

Akatoa mguu kwenye mafuta. Hakukanyaga breki. Alishika usukani ukiwa umenyooka, akapeleka mkono wa kulia chini ya dashibodi penye swichi ya breki za trela peke yake, akaibana polepole. Trela ikavutwa nyuma, ikanyooka. Lori likapita. Verna akaacha mwendo ufe wenyewe, akaegesha kwenye njia ya kuingilia shamba la mtu.

Alishuka, akaitazama Corvair kwa muda mrefu. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Gari hili injini yake iko nyuma," akasema. "Uzito unatakiwa ukae mbele ya magurudumu ya trela, uilalie pikapu. Nilipaswa kulipandisha kinyumenyume. Nalijua hilo, Marcene, nalijua kama jina langu. Mkono umefuata mazoea."

"Kwa hiyo ni kosa lako."

"Langu tupu."

Hakusubiri pole. Alifungua mikanda, akaliteremsha gari, akaligeuza njiani pale, akalirudisha juu kinyumenyume kwa mkupuo mmoja, kioo kimoja tu akikitazama. Akafunga, akakagua. Kisha akazunguka, akafungua mlango wa abiria, akaketi.

"Ahadi ni deni," akasema. "Umeona la kukutisha. Endesha wewe. Tukirudi tutatafuta mnunuzi."

Marcene alikaa nyuma ya usukani, akawasha, lakini hakuondoka.

"Mama, kwa nini hukukanyaga breki?"

"Ukikanyaga, pikapu inapunguza mwendo, trela haina habari. Inakuja kukupindua. Mwaka wangu wa pili nilikanyaga. Niliacha Buick ya mtu mtaroni, nikalala hospitali siku tisa. Nilikudanganya nimeanguka ngazini."

Marcene akatazama miguu yake. Pale kwenye kiti cha abiria, wakati wa msukosuko, alikuwa ameugandamiza wa kulia kwenye zulia kwa nguvu zote, akitafuta breki isiyokuwepo. Paja lilikuwa bado linamuuma.

Akazima injini.

"Hama, Mama. Rudi huku."

"Tulipatana, kitu kimoja cha kukutisha."

"Nimekiona. Ni mguu wangu."

Macho yakamjaa maji Verna. Wakabadilishana viti. Akaingia barabarani, akashika maili hamsini na tano kwa saa. Huko nyuma trela ilitulia tuli, na Marcene alikuwa na daftari magotini, akiuliza ile swichi hubanwa kwa kiasi gani.