Nokerli Hazisubiri Wimbo

Burgi Stadlober alikuwa na adui mmoja tu duniani, na watu walisema adui huyo anaimba vizuri kupita kiasi. Burgi mwenyewe hakuwa na la kusema juu ya hilo, maana hakuwahi kumsikia. Yeye alipika chini, Bi Hermine Pachler aliimba juu, na katikati yao palikuwa na ngazi ya mawe, lifti ndogo ya kupandishia vyakula, na feni ya kuvuta moshi iliyonguruma juu ya jiko tangu mchana mpaka sahani ya mwisho ioshwe. Chini ya feni ile hata kengele za kanisa kuu, ambazo hapa Salzburg huwaamsha walevi na viziwi, hazikufika.

Jioni za nyumba ya Wimmer zilikwenda kwa mpango uleule miaka yote. Wageni wanaketi kwenye mishumaa, wanakunywa supu, wanaimbiwa. Wanakula nyama ya ng'ombe ya kuchemsha, wanaimbiwa tena. Mwisho wanaletewa nokerli, kitamutamu cha ute wa mayai kinachookwa mpaka kivimbe, wanapangusa midomo, wanakwenda kulala. Waimbaji huvaa wigi nyeupe na magauni ya enzi za wafalme, mapana kiasi kwamba Bi Hermine hupita mlangoni ubavu-ubavu kama kaa. Na sheria ya nyumba ni moja: mtu akiimba, sahani haitembei. Wahudumu hujibanza ukutani kimya, na mwenye chafya yake anaimeza.

Sheria hiyo ingemkondesha Burgi, kama Burgi angekuwa mtu wa kukonda.

Alizaliwa milimani, Lungau, na nokerli alifundishwa na mama yake. Ute wa mayai unapigwa na sukari kwa mkono mpaka mkono uombe talaka. Kisha bakuli linapinduliwa juu ya kichwa cha mtoto aliye karibu: ute ukimwagika, bado, ukishika, tayari. Utoto mzima wa Burgi ulipita chini ya bakuli, na alimwagikiwa mara moja tu, siku mama yake alipokuwa na homa. Mjini hakuwa na mtoto wa kumpindulia bakuli. Yeye na mumewe Hias hawakujaliwa, na Hias mwenyewe ni mtu wa mkate na mafuta ya nguruwe, hata sukari kwenye kahawa anaiona utundu. Kwa hiyo Burgi alitumia kichwa cha Ferdl, mhudumu mkuu, ambacho kilikuwa na upara na kilifutika kwa urahisi.

Zikitoka kwenye oveni, nokerli husimama vilele vitatu vya rangi ya dhahabu, na juu yake sukari ya unga, mfano wa milima yetu mitatu theluji ikianguka. Zinasimama muda wa mtu kusogeza kiti na kushika kijiko. Baada ya hapo zinalala, na zikishalala hata askofu hawezi kuzisimamisha.

Hapo ndipo Bi Hermine alipoingia na makosa yake. Wimbo wa mwisho ukianza, Ferdl hugonga bomba la ngazini na Burgi huingiza nokerli ovenini. Wimbo ukiisha, zimeiva. Lakini Bi Hermine akishapigiwa makofi hakujua kuinama na kuondoka. Aliongeza wimbo. Siku nyingine hakuongeza, kutegemea makofi na kutegemea alivyoamka, kwa hiyo Burgi hakuweza hata kupanga. Ferdl alisimama ngazini na kumpigia kelele kupita ile feni: "Anaongeza! Yuko ubeti wa pili! Sasa wa tatu, Burgi, pole!" Na Burgi alikaa juu ya ndoo ya unga akizitazama nokerli zake zikifa kwenye kioo cha oveni, huku akitaja majina ya watakatifu kwa namna ambayo padri asingeipenda.

Wasemeshane? Hawakusemeshana tangu jioni ya kwanza kabisa ya Bi Hermine pale. Aliletewa nokerli chumbani kwake zimeshalala, akazitazama, akauliza kama jikoni hakuna soseji. Burgi aliambiwa. Soseji alipeleka, na tangu siku hiyo hakupeleka salamu.

Sasa, Ijumaa moja mchana, Bwana Wimmer mwenyewe alishuka jikoni, jambo analolifanya akiwa na habari mbaya tu.

"Bi Burgi, nina neno."

"Liseme upesi, mayai hayana muda."

"Wageni wananung'unika. Kadi ya vyakula inawaahidi milima mitatu, wewe unawaletea uwanja wa mpira."

"Basi mwambie huyo ndege wako afumbe mdomo kwa wakati!"

"Bi Hermine anapendwa, Bi Burgi."

"Na mimi je?"

Bwana Wimmer alijikuna shingo. Si mtu mbaya, ila ana tabia ya kutazama dari akiwa anakukata. "Nimefikiria strudeli ya matufaha," aliiambia dari. "Strudeli ina subira. Inakaa, inangoja, haimgombezi mtu."

"Strudeli!" Burgi alisema, kama mtu aliyeambiwa mumewe anaoa.

"Leo nitakaa meza ya kwanza. Nokerli zikinifikia zimesimama, zinabaki. Zikinifikia zimelala, Jumatatu tunaanza strudeli."

"Vilele vyote vitatu?"

"Kadi inasema vitatu."

Alipoondoka, Burgi aliketi juu ya ndoo yake. Si kwamba hakujua kukunja matufaha ndani ya unga na kupika strudeli. Kila mtu anajua kupika strudeli, hata Hias akilazimishwa. Alijiona tu atakavyokuwa Jumatatu, anakata vipande kwa kisu na kuvipanga kwenye sahani, na hakuna kichwa cha mtu cha kupindulia bakuli. Alitaka kulia, akakasirika badala yake, kwani hasira aliizoea zaidi.

"Ferdl! Nenda kamwambie yule jogoo mwenye wigi kwamba leo akiongeza hata neno moja, nitapanda huko juu na mwiko."

Ferdl ni mtu wa amani, na kwa ajili ya amani ameshasema uongo mwingi. Alipanda, akamkuta Bi Hermine akifungwa gauni mgongoni, akamwambia, "Burgi anakusalimia sana, anauliza kama leo ungeweza kutuachia wimbo wa nyongeza, anaumwa kidogo."

"Miaka yote hii hanisalimii, leo anaanzia kwenye ombi?" Bi Hermine alimtazama kupitia kioo. "Kamwambie bibi mayai kwamba nyimbo zote nyingine ananichagulia Wimmer. Huo mmoja nachagua mwenyewe. Akiutaka, aje auombe kwa mdomo wake."

Ferdl alishuka. "Anasema atajitahidi."

"Amesema hivyo?"

"Kwa maneno yake."

Burgi akamwamini, maskini. Alipiga ute siku hiyo kwa mikono yote miwili kwa zamu, akaupindua juu ya upara wa Ferdl, na haukutikisika. Supu ikapanda, nyama ikapanda, sahani zikashuka tupu. Bomba likagongwa. Burgi akaingiza bakuli kubwa la meza ya kwanza, mengine ya wageni, na kibakuli kimoja nyuma, kile cha Bi Hermine ambacho hurudi kila siku hakijaguswa. Akajikunyata mbele ya kioo cha oveni.

Zikapanda. Hazijawahi kupanda vile. Vilele vitatu, kimoja kimemzidi mwenzake, na ncha zimeanza kupata rangi. Burgi akashika vitambaa vyake viwili, tayari.

Ferdl akatokea ngazini, uso umemshuka.

"Anaongeza," alisema.

"Si ulisema atajitahidi!"

"Burgi, mimi nilitaka tu..."

Hakumaliza. Burgi alikuwa ameshafungua oveni, amelitoa bakuli kubwa na kulinyunyizia sukari kwa chujio, na badala ya kuketi juu ya ndoo alikuwa anapanda ngazi ya mawe, aproni yake imejaa unga, na nywele zimemganda usoni. Ferdl alimfuata akinong'ona, "Sahani haitembei, Burgi! Anaimba! Sahani haitembei!"

Sahani ilitembea. Ukumbi mzima ulikuwa kimya, na Bi Hermine amesimama kando ya piano, mpiga fidla nyuma yake, mkono kifuani, katikati ya ubeti wa kwanza, pale mlango ulipofunguliwa kwa nyonga na akaingia mwanamke mnene mwekundu, amebeba milima mitatu inayotoa mvuke. Wahudumu ukutani walifumba macho. Burgi hakumtazama Wimmer wala mgeni yeyote. Alikuwa akizitazama ncha zake tu na kutembea kama aliyebeba mtoto aliyelala.

Bi Hermine aliendelea kuimba kidogo, kwa mazoea. Kisha macho yake yakashuka kwenye bakuli, na sauti ikamwishia. Mpiga fidla aliendelea kupiga peke yake hatua mbili tatu, kama mtu aliyedhani bado kuna ngazi, akaacha.

"Ni hizi?" Bi Hermine aliuliza mbele ya watu wote.

"Ndizo hizi."

"Hizi ndizo unazoniletea mimi?"

"Ndizo ninazokuletea. Wewe unaimba, zinakufa, halafu unaniomba soseji!"

Kilele cha kushoto kikatetemeka. Bi Hermine alikiona, na mkono wake ukapanda mdomoni. Akawageukia wageni, wigi imeenda upande, na kwa sauti ile ile inayojaza ukumbi bila kipaza sauti akatangaza, "Mabibi na mabwana, wimbo huu unaweza kusubiri. Chakula hiki hakiwezi. Shikeni vijiko! Ferdl, leta mengine, kimbia!"

Ferdl hajawahi kukimbia maisha yake yote ya utumishi, lakini siku hiyo alikimbia. Burgi naye aliongeza mwendo, akalitua bakuli mbele ya Bwana Wimmer. Na pale pale, chini ya pua yake, kilele cha kushoto kikashusha pumzi na kulala.

"Viwili," alisema Bwana Wimmer.

"Ulikuwa na nafasi ya kukiona cha tatu."

"Nimekiona. Lakini kilipofika mezani vilikuwa viwili."

Burgi aligeuka akashuka ngazi, na machozi safari hii yalimshinda, akayafuta kwa aproni na kujipaka unga usoni. Jikoni alikitoa kile kibakuli cha mwisho, kwa kuwa hata siku ya mwisho mpishi haachi kitu kiungue. Aliposikia kitu kinakwaruza ukutani, aligeuka. Bi Hermine alikuwa anashuka ngazi ubavu-ubavu, gauni limeokota vumbi pande zote mbili.

"Hicho ni changu?"

"Siku zote kilikuwa chako."

Bi Hermine alikaa juu ya ndoo ya unga bila kuuliza, akashika kijiko. Lakini kutoka juu, kupitia tundu la ile lifti ndogo, zilianza kushuka kelele: vijiko vinagongwa mezani, watu wanaitana, "Wimbo! Wimbo!"

"Wanaudai," alisema Bi Hermine. Alitazama tundu la lifti, akatazama vilele vyake vitatu vidogo. Burgi naye alivitazama. Halafu akakirudisha kibakuli ovenini kwenye joto, akanyoosha mkono akazima feni.

Ukimya ulioingia jikoni uliwashtua wote wawili. Burgi alisikia bomba likidondosha maji, jambo ambalo hakulijua. Bi Hermine alisogea kwenye tundu, akaingiza kichwa pamoja na wigi, akaimba. Huko juu fidla ikaudaka wimbo na kuufuata. Ulikuwa wimbo wa mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde avuke kabla jua halijazama, na sauti ilipanda lile shimo la lifti, ikarudi, ikajaza masufuria. Burgi alisimama na vitambaa vyake mkononi. Alifurahi hata akaona aibu kufurahi namna ile mbele ya adui. Ubeti wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, na Bi Hermine akachomoa kichwa chake, Burgi akamtolea kibakuli, naye akakiwahi kijiko.

Alikula akiwa amefumba macho. Vilele vyote vitatu alivikuta vimesimama.

"Yesu na Maria," alisema, mdomo umejaa. "Na mimi nilikuomba soseji!"

Ferdl alishuka akihema. "Burgi, Bwana Wimmer anakusalimia sana, na kwa heshima zote anaomba..."

"Ferdl! Sema alivyosema."

"Amesema: 'Wamekula zikiwa moto na wimbo juu yake, mbona hamkufanya hivi tangu zamani?' Anasema Jumatatu atachapisha kadi mpya. Nokerli za vilele viwili, na wimbo kutoka jikoni."

"Viwili?" Burgi alifoka. "Mwambie vitatu! Mwambie asinitukane!" Kisha akamgeukia Bi Hermine, ambaye alikuwa anakwangua kibakuli. "Na wewe. Miaka yote Ferdl ananitangazia ubeti wa tatu. Leo uko wapi?"

"Nimeuruka. Nilikuwa naziona kichwani zinaanza kutetemeka."

Burgi alivuta bakuli, akapasua yai la kwanza ukingoni, na la pili, akamwashiria Ferdl asogeze kichwa chake karibu.

"Uimbe," alisema. "Mayai yapo."